Kabla ya Mnada

Newala, umeme umerudi saa nne usiku.
Somoe anafungua orodha: kasoro kumi na tisa
chini ya kituo kimoja,
*Kabla ya mnada*.

Rangi ya kitufe: toleo lijalo.
Nembo ya chama: toleo lijalo.
Ripoti ya kuchapa, anayoidai Katibu Nantanga
kila akipiga simu,
samahani Katibu, lijalo.

Kwenye namba saba kidole kinagoma.
Mizani inasoma arobaini na mbili na nusu,
mfumo unaandika arobaini na mbili.
Nusu kilo.
Ya nani?

Huko Kitangari mikorosho imeshaanza kudondosha.

Namba saba anaiacha palepale,
zingine zote anazihamisha,
anabandika chai ya rangi.
Kwenye kioo: kazi moja,
asilimia sifuri.