Skrap 2

Majina hayazidi herufi ishirini na mbili.
Sheria hiyo haina mjomba wala shangazi.
Ukifika ya ishirini na tatu mfumo unagoma,
na mtu wa hapa Umeå, mwenye majina mawili ya ukoo na kistari katikati,
anakatwa mkia.

Seva zetu tatu tulizipa majina ya samaki:
Harr, Sik na Gädda.
Humo mna juzuu elfu nne na mia saba,
moja ikilala Harr, pacha wake Sik,
na msomaji hajui anasoma kutoka wapi.
Ndiyo kazi yetu, asijue.

Januari. Saa nane mchana giza limeshaingia.
Gunvor Burman ananiletea orodha na kalamu nyekundu:
mgao, mmiliki, nakala, mlango.
"Isiyo na mlango," asema, "ni ya kufuta."

Tunaita, zinaitika.
dag.picha: mwenyewe amestaafu, yu hai.
kozi.kemia.98: waliosoma humo sasa wana vipara.
jaribio, jaribio2, jaribio.mwisho, jaribio.mwisho.kweli.
Hapo tulicheka. Zote zilikuwa zangu.

Kisha skrap.evald.2.
Skrap, yaani takataka.
Mlango wake haujulikani.
Evald Nygren tulimzika Novemba,
udongo ukiwa bado unachimbika.
Wako kina mama waliowaita watoto wao Jalala
ili kifo kipite bila kubisha hodi;
Evald naye kila alichokithamini alikiita ovyo.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Nikatazama iliandikwa lini mara ya mwisho:
jana, saa kumi na dakika saba alfajiri.

Tukafungua.
Mistari mifupi mifupi, unene wa barafu,
sentimita, tarehe, sentimita, tarehe,
vipupwe thelathini na kimoja,
na chombo kilichofungwa chini ya daraja la zamani,
ambacho hakuna aliyekipelekea habari za msiba,
bado kinatuma.
Mlango ulikuwapo. Ulielekea mtoni.

Nikabadili jina, nikasita, nikalirudisha:
kile chombo kinajua hilo tu.
Ila kwenye safu ya mmiliki Gunvor anataka aliye hai.
Nikaandika: mto.
Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta,
akauliza kama huo mto una namba ya simu.

Nikampa yangu.