Swali

Neno ni moja, lugha haikuona haja ya kulitenga:
swali: simama, elekea kibla.
Swali: kitu usichokijua, kilichokukaa kooni
kama mwiba wa changu.
Miaka ishirini na sita naadhini hapa Limbani, Wete,
na la kwanza ndilo ninalowaitia watu.
La pili alinipa Mjaka Ngwali, fundi baiskeli.

Mjaka haingii msikitini.
Ijumaa hukaa nje, kidato cha mwisho,
na mikono yake ya grisi
akipanga viatu vyetu jozi kwa jozi,
ncha zikitazama barabarani
ili tukitoka tusihangaike.
Mvua ya vuli ikitukuta katikati ya hotuba
yeye ndiye anayevikimbiza chini ya upenu.
Hakuna aliyemtuma. Malipo hataki,
labda shokishoki, msimu wake ukifika.

Tulimtungia visa. Mji wetu ni hodari wa kutunga.
Kafiwa, tulisema. Kakorofishana na masheikh.
Kasoma mno.
Nikamwuliza mwenyewe, siku anayoniziba pancha.
"Sina kisa, Maalim. Hakuna aliyenikosea.
Nilisikiliza tangu chuoni, kwa masikio yote mawili.
Sikusikia kitu. Nijifanye?"
Akauzamisha mpira katika karai la maji
kutafuta povu la tundu jingine.

Si malaika, nisije nikadanganya.
Kwenye dhumna huiba,
ukimkamata huapa kwa Mungu asiyemwamini.

Lakini alfajiri, nikishika kipaza sauti
na kusema swala ni bora kuliko usingizi,
kupitia dirisha la mbao naona kurunzi
inavuka kichochoro kwenda kwa Faki Shoka,
aliyepooza upande tangu mwaka ule wa karafuu nyingi.
Mjaka anakwenda kumgeuza, asiote vidonda.
Wanawe Faki wako Maskati,
na sisi majirani tumo udhuni.

Mimi nawaamsha waliolala.
Yeye hakulala.
Bora kuliko usingizi, naam, nashuhudia.
Bora kuliko kukesha kwa namna ile?
Nimeimaliza adhana mara elfu, hapo hainijibu.

Wala msinisikie vibaya.
Usiku ule binti yangu Ruzuna alishikwa na degedege,
daktari akafunga mlango, mimi nikabaki koridoni.
Nikaanguka, hivyo ndivyo ilivyokuwa,
nikaanguka ndani ya nafsi yangu, sioni chini,
mpaka paji langu lilipogusa saruji
nikajua kuanguka kuna mwisho.
Saruji ile ndiyo dini yangu. Sina hoja nyingine.
Nilipotoa salamu kulia, nikatoa kushoto,
kushoto alikuwa Mjaka, amechutama ukutani.
Hakusema amina.
Alikuwa ameshika viatu vyangu.

Mwezi uliopita nilimkabili. Magharibi ilikuwa inaingia,
moyo wangu ulikuwa mwepesi, nampenda yule mtu.
"Mjaka," nikamwambia, "swali."
"Uliza," akasema.
Tukacheka mpaka machozi, na kicheko kilipokwisha
ndipo nilipoona kwamba kweli ninalo.
"Huogopi?"
"Naogopa. Wewe ukiacha kuswali, Maalim,
utaiba? Utampiga mkeo?"
Nikanyamaza. Ningesema hapana upesi,
lakini nilimkumbuka kijana niliyekuwa,
ngumi zake, na nani aliyemfunga kamba.
Akaliona jibu usoni mwangu. Hakulishangilia.
Alipangusa mikono kwa kitambaa.
"Basi wewe swali," akasema. "Nipo hapa nje."

Nikaingia. Nikaita.
Rakaa ya pili akili ikanitoroka,
ikaenda kusimama mlangoni, peku,
kati ya watu wawili ninaowajua
na neno moja.
Sijui kama swala ile ilikubaliwa.

Nilipotoka hakuwepo, kaenda kwa Faki.
Ndara zangu zilikuwa pale, zimeelekezwa kwetu.