D Kavu

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa uwanja wa DC, Kibra,
kaptura ya kakangu, raba za kuazima,
namba mia mbili na nne imechorwa kwa wino mzito
juu ya mkono, kama bei.

Walitupima urefu ukutani.
Walitazama meno. Ninayo yote, hata lile la mwisho
linaloota kwa hasira.
Walitazama nyayo, kama ni bapa.
Tukakimbia hadi barabara ya Karanja, tukarudi na vumbi kinywani,
nikawa wa sita. Wa sita kati ya wasichana themanini na watatu.
(Mmoja alizimia. Alipozinduka aliomba radhi.)

Kisha meza. Bahasha ya kaki. Cheti cha kidato cha nne.
Afande akateremsha kidole kama anayechambua mchele:
Hisabati, haya. Kilimo, haya.
Kidole kikasimama.

"Kiingereza, E. Kiswahili, D.
Ingekuwa na kamsalaba hapa kando," akagonga karatasi,
"tungeongea. Lakini hii ni D kavu.
Chukua hii vyeti yako, toka kwa laini."

Hii vyeti.
Nikahesabu kimoyomoyo, kama Mwalimu Nabwire alivyotufunza kwa rula:
cheti hiki, vyeti hivi.
Nilitaka kucheka. Nilitaka kumsahihisha.
Nikatoka kwa laini.

Lugha hii sikuifuata shuleni. Niliikuta kwetu Makina
kama mtungi wa manjano mlangoni, wa yeyote mwenye kiu.
Nimeitumia kuomba deni la unga,
kuamua ugomvi wa kamba ya nguo,
kumtuliza Mzee Farajalla usiku ule paa lilipong'oka.
Lakini karatasi ya tatu iliuliza jina la tamathali,
nami tamathali nilikuwa nayo mdomoni,
jina lake ndilo sikulijua.

Wiki tatu baadaye cherehani ya Haboba iliibwa.
Nikampeleka kituoni. Kaunta ilikuwa na konstebo mpya,
kola bado ngumu, kitabu cha matukio wazi mbele yake,
na Kiswahili kilichopigwa pasi:
"Tafadhali, nyanya, fafanua tukio hilo kwa muhtasari."

Haboba alimtazama. Akajibu kwa Kinubi, kirefu,
kwa mikono, kwa mguu mmoja uliokanyaga
pedali isiyokuwepo.
Kalamu ikabaki hewani.
"Anasemaje?"

Nikamwambia: ilikuwa usiku, kabla ya adhana.
Akaandika.
Mlango haukuvunjwa. Akaandika.
Cherehani ni nyeusi, gurudumu lina ufa. Akaandika.
Mwizi alimwamkia kwanza.

"Hilo siandiki," akatabasamu. "Salamu si ushahidi."

"Alimwamkia kwa Kinubi," nikasema.
"Alimwita Haboba. Akamuuliza hali ya goti.
Anayejua goti lake linauma la kushoto
hakutoka Kawangware, afande. Andika."

Alininyamazia kidogo.
Nyuma yake redio ilikoroma, mtu akaitika, ikanyamaza.
Kisha akainama, nami nikaona neno likikua chini ya kalamu,
alimwamkia, akakwama kwenye m na w,
akakata, akaanza upya. Sikumsaidia.

Alipomaliza alitusomea yote kwa sauti.
"Wewe," akaniambia akifunga kitabu, "mbona usijaribu kazi hii?"
Bahasha ya kaki ilikuwa nyumbani, chini ya godoro.
Nikamwomba nambari ya ripoti.

Njiani, karibu na reli, Haboba alisimama kupumzisha goti.
"Yule kijana," akauliza, "alikuwa akiandika nini
kirefu namna ile, hata akafuta?"

"Salamu," nikamwambia.