Nusu Kikombe

Muuguzi alinichorea ramani nyuma ya kadi ya kliniki:
Chang'ombe, Jumanne, saa kumi na moja,
darasa la chekechea, mlango wa bluu.
Upepo wa Julai ukanijaza vumbi machoni,
nikauzunguka mtaa mara tatu.

Ikabidi niulize. Na nani azijuaye njia zote
kama si Mama Mbeleje, muuza ujimbi?
Nilisimama uani kwake, harufu ya chachu imenikamata ukosi,
daftari la madeni liko wazi, jina langu ukurasa mzima.

"Nikupimie?"
"Leo nielekeze."

Akanitazama. Akafunika pipa kwa ungo.
"Nyuma ya mashine ya kusaga.
Mume wangu yuko huko."

Viti vilikuwa vya watoto, magoti yakanifika kidevuni.
Ukutani a, e, i, o, u, na bata asiye na jicho.
Nilikuwa nimebeba hotuba tangu Kizota:
ufundi mwashi, kazi za Mtumba, msiba wa kaka.
Ikanikauka.
Nikasema tu, "Mimi Chilongani.
Mara ya mwisho ni asubuhi hii."

Hakuna aliyeguna.

Mtu mmoja akainuka na birika,
shati lake linanuka chachu ya ule ule ua.
Akanimiminia chai ya tangawizi, nusu.
Nikadhani ubahili.
Nikatupa jicho kwa wenzangu: nusu, nusu, nusu.

Ndipo nikakiinua changu,
mkono ukaanza ngoma yake,
chai ikapanda hadi ukingoni,
ikachungulia,
ikarudi.