Kitanda cha Awino

Godoro hili lina bonde lisilo langu.
Limechimbwa na mtu anayelalia ubavu wa kushoto,
magoti juu, kama aliyekutwa na mvua.
Wiki ya kwanza nililala ukingoni, kwa adabu.
Siku hizi natumbukia humo
kama mguu katika kiatu cha kuazima.

Mihuri miwili ndiyo iliyotupishanisha:
Awino akapewa chumba changu Kashai, Bukoba,
nami nikapewa chake hapa Migosi,
miezi sita, chuo kwa chuo,
na mama zetu wakatia sahihi
kama majirani wanaopeana mbegu.
Sijawahi kumwona. Labda tulipishana Sirare, usiku,
yeye akisinzia kuelekea kwetu,
mimi nikihesabu shilingi zilizopungua kwa kubadilishwa.

Dukani kwa Ojuka nilisema, "Naomba chumvi."
Akaniangalia. "Unaomba, ama unanunua?"
Wateja wakacheka. Nikacheka nao, nimechelewa kidogo,
noti mkononi kama cheti cha kuzaliwa.
Kiswahili changu hapa ni nguo ya Idi
iliyovaliwa siku ya kufua.

Chuoni wakaniambia, "Kesho unaanza Russia."
Nilitafuta sweta.
Kumbe ndivyo wanavyoiita hospitali yao kuu,
na kulipopambazuka nilikuwa huko, natoka jasho,
wodini kwa bibi mmoja tusiyeelewana hata neno.
Nikautafuta mshipa, ukakimbia, nikautafuta tena.
Akanipapasa mkono wangu uliotetemeka.
"Nyar Bukoba," akasema, "pole pole."
Sindano nilishika mimi.
Aliyetiwa kitu mwilini siku ile, sijui ni nani.

Samaki ni wale wale.
Sangara amevuka maji akaitwa mbuta,
sato akaitwa ngege,
dagaa wakaitwa omena, wakakaangwa kwa nyanya
na Mama Awino, anayenipakulia
katika sahani ya buluu iliyomeguka ukingo,
kisha anasita, kijiko hewani.
Najua ni sahani ya nani.

"Mamako atampa wale panzi wenu?"
"Senene? Msimu ukifika, atampa."
"Yule hatakula. Hata kumbikumbi humtoa jikoni mbio."
Akageuka kuzima jiko ambalo lilikuwa limezimika.

Kwetu, jua hutoka ziwani.
Ukifungua dirisha, limekwisha kunawa.
Hapa huenda likazame humo humo,
nyuma ya magugu yanayoelea kama shamba lililotoroka,
na jioni ya kwanza nilisimama Dunga nimechanganyikiwa,
nikidhani nimeliona ziwa kwa nyuma,
kama kanga iliyogeuzwa upande wa ndani:
maua yale yale, maandishi yasiyosomeka.

Jumapili alipiga simu. Ikapita mikono yote ya nyumba hii,
shangazi, mjomba, mtoto wa jirani,
ikanifikia ikiwa na joto na mafuta ya vidole.
Nyuma ya sauti yake nilimsikia jogoo wetu,
yule asiyejua saa.
"Mamako ananiita Kemi," akasema. "Akisahau."
Sikumwambia kwamba tangu Jumanne
mimi naitika Awino,
kwamba jina lilitoka jikoni likanikuta nimeshainuka,
na hakuna aliyelirekebisha.

Tukanyamaza. Vocha inakwisha, nyumba nzima inatazama.
"Kitanda chako kinalia usiku," akasema.
"Ni mguu wa kulia. Chomeka daftari la kemia,
lile lenye jalada la kijani, chini ya—"
"Nimeshachomeka."