Tende Tatu

Jumatano, jua halijapanda ukuta wa soko la wanawake,
Ibra yote inatoa moshi mdomoni kama mvuta biri.
Nanunua figili zenye udongo bado masikioni,
karoti fupi nene zilizogoma kunyooka,
fungu la uwatu mbichi,
na boga lenye kidonda kimoja
alichokifunika Bi Shinuna kwa kiganja
hadi nilipokwisha kulipa.
"Hapo pakate, mwanangu, utupe. Kwingine kote sukari tupu."

Sukari. Neno hilo kwetu halitajwi kwa sauti.

Baba anayo tangu mwaka ule tulipoezua paa,
na kila baridi ikishuka kutoka majabalini
husema tumbo lake limerudi ujanani.
Kipupwe cha Pemba kilikuwa cha Julai, anasema, mtu akijitanda shuka basi.
Hiki cha Januari kina kucha.
Anataka mkate mwembamba uliolowa samli na asali.
Anataka bokoboko
(majirani wanaita harisi; yeye kazaliwa Mkoani,
hatolitupa jina alilopewa na mamake),
nyama ipondwe hadi isahau mfupa.
"Baridi inamla mtu. Na mtu naye lazima ale."

Daktari wa kituo cha afya, kijana mpole, Haitham,
alituchorea sahani kwenye karatasi:
nusu mboga, robo nafaka,
robo samaki au kunde.
Baba akaigeuza, akaitazama, akaigeuza tena.
"Hii si sahani," akasema, "haya ni mirathi.
Na aliyepunjwa ni mimi."

Basi natafuta njia ya panya.
Ngano naipika na ganda lake, usiku kucha, moto mdogo.
Kuku pahala pa mbuzi.
Samli kijiko kimoja, juu, mwisho kabisa,
pua idanganyike kabla ulimi haujauliza.
Dango nazichemsha kwa pilipili na ndimu kavu,
tunazinywa na mchuzi wake vikombeni, magoti yakigusana,
mvuke unamziba baba miwani
na kwa dakika hiyo hawezi kuhesabu kilichopungua.
Figili anaila kwa chumvi. Inamchoma, anacheka, anataka nyingine.
Hilo sikulifundisha mimi.

Asubuhi tunatembea hadi kwenye falaji.
Siku hizi maji yake yana joto kuliko hewa,
yanafuka.
"Umeona?" ananiambia. "Hata maji yamejitanda."
Hatua zake anazihesabu kama mtu anayelipa deni la mwingine.

Na tende, tende tulizigombania.
Tulishuka kama wanaouziana punda:
kumi na moja, tisa, saba. Hapo akakaa siku nne.
"Punguza utakavyo," akasema, "lakini iwe witiri."
Tukafika tatu. Tatu kwa kahawa, basi.

Jana nilifua koti lake la sufi.
Mfukoni, ndani ya leso, kipande cha halwa
ukubwa wa kiberiti, kimeota nyuzi,
pembe moja ina alama za meno.
Nikakaa kitako sakafuni.
Maneno nilikuwa nayo, yamepangwa siku nyingi:
macho, figo, kidole cha mguu cha Ami Zahor.
Kisha ikanijia harufu ya iliki na zafarani.
Nikaila. Yote.
Nyuzi nikazitema mkononi.

Jioni nikaleta kahawa, na kisahani, na tende zake tatu.
Koti limekauka, kalivaa.
Mkono ukaingia mfukoni,
ukakaa humo, ukatafuta pembeni,
ukatoka mtupu.
Akanitazama. Nikatazama dele.
Nje mtu alikuwa anakokota lango, baridi ikapiga hodi miguuni.
Baba akachukua tende moja, akaitoa kokwa polepole,
na kisahani akanisogezea mimi.

"Chukua hizo mbili," akasema.
"Hata moja ni witiri."