Saa Tisa za Tbilisi

Ndege ya Almaty: alfajiri.
Viti vya chuma havina huruma na kiuno,
basi nikapanda basi nisilolijua,
nikashuka pale harufu ya mkate iliponishika shati.

Nanuli, mikono imebabuka hadi viwikoni,
aliinama tanurini kama anayechungulia kisima,
akabandua mkate wenye ncha mbili.
Hatukuwa na neno la kuazimana.
Akanionyesha kigoda, jibini, mvua.

Unga ulipokwisha, mumewe Zauri
akanichorea njia kwenye karatasi ya mkate:
daraja,
duka la viatu,
mbwa mwenye hereni ya njano.

Mbwa alikuwa amehama.
Nikapotea vizuri, saa nzima.

Dirishani, afisa akaifungua pasipoti yangu;
makombo yakamwagika juu ya muhuri.